Sailensa ipo, mlio bado upo: kutafuta kosa kwenye bunduki ya upepo

Malalamiko ni yale yale, awe mtu wa Nyegezi, Igoma au Magu. Amefunga sailensa, yaani kizuia mlio, kwenye mtutu wa bunduki yake ya upepo akitarajia kusikia "tsu" basi, lakini kila akifyatua jirani anatoka nje kuangalia kulikoni. Anachoamua ni kwamba sailensa ni feki, na anaanza kutafuta nyingine ya bei kubwa zaidi. Mara nyingi sailensa haina kosa lolote. Kosa limo kwenye kopo la risasi, na kopo jipya ni rahisi kuliko sailensa mpya.

Maelezo haya ni ya bunduki za upepo: za springi (zile za kukunja mtutu), za gesi ya CO2, na za mtungi wa hewa iliyojazwa kwa shinikizo kubwa. Ni kwa wanaopiga shabaha au wanaopambana na panya kwenye ghala la mpunga. Kabla ya kununua bunduki, na hasa kabla ya kufunga sailensa, mwone ofisa anayehusika na silaha kituo cha polisi akueleze unachoruhusiwa. Kununua kwanza na kuuliza baadaye ni kujitafutia kesi. Ndege nao si shabaha ya bure. Uwindaji wake unataka leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

DALILI: Mlio mkali wa kupasua unaosikika mbele ya bunduki

Sikiliza vizuri mlio unatoka wapi. Kama ni "pa!" kavu inayoonekana kutokea hewani, mbele ya mtutu, na inarudi kutoka kwenye miamba au kuta za mbali, risasi yako inakwenda kasi kuliko sauti. Hapo hakuna sailensa duniani itakayokusaidia. Sailensa inashika hewa inayotoka mdomoni mwa mtutu. Mlio huu hautoki kwenye mtutu, risasi inautengeneza njia nzima inapokwenda. Ni kama boti ya injini inayopita mbali na ufuko: kuifunika injini hakutazuia wimbi lake kufika nchi kavu.

Mwendo wa sauti unategemea joto la hewa. Watu wengi hudhani kwa kuwa Mwanza iko juu, mita zaidi ya 1,100 kutoka usawa wa bahari, basi sauti hapa ina mwendo tofauti. Hapana, urefu wa mahali peke yake haubadilishi kitu. Asubuhi yenye nyuzi 18 sauti inakwenda kama mita 342 kwa sekunde, na mchana wenye nyuzi 28 inafika kama mita 348. Ukivuka hapo, unapasua.

Sasa tazama boksi la bunduki. Limeandikwa "futi 1,250 kwa sekunde" kwa herufi kubwa, nayo ni kama mita 381. Namba hiyo ni ya kuuzia. Kwa kawaida imepatikana kwa risasi nyepesi kupita kiasi, ya aloi isiyo na madini ya risasi, ambayo mpiga shabaha wa kweli hawezi kuitumia. Lakini mnunuzi naye anaona kasi kubwa ndiyo ubora, anatafuta risasi nyepesi kama zile za boksi, na hapo tatizo linaanza.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua bunduki ya .177, yaani milimita 4.5, inayotoa nguvu ya jouli 20. Ukiipa risasi ya greni 5, ambayo ni gramu 0.32, itakwenda kama mita 351 kwa sekunde: inapasua asubuhi, inapasua mchana. Bunduki hiyo hiyo ukiipa greni 8.4 (gramu 0.54) kasi inashuka hadi mita 271. Ukiipa greni 10.5 (gramu 0.68) inakuwa mita 242. Hujagusa bunduki wala sailensa, umebadilisha kopo tu, na mlio wa hewani umekwisha. Kwenye bunduki halisi namba zitacheza kidogo, kwa sababu springi haitoi nguvu ileile kwa kila uzito, lakini mwelekeo haubadiliki.

Usilenge tu chini ya mita 342 ukasema umemaliza. Risasi hizi zenye kiuno chembamba na sketi nyuma zinaanza kuyumba zinapoukaribia mwendo wa sauti, hata kabla ya kuuvuka. Mahali pake pazuri ni kati ya mita 240 na 275. Kwa mtutu wa .177 wenye nguvu anzia greni 8 hadi 10.5. Kwa .22 (milimita 5.5) anzia greni 14 hadi 18, na kwa .25 (milimita 6.35) anzia kama greni 25. Bunduki ya mtungi yenye nguvu nyingi inaweza kutaka nzito zaidi ya hapo.

Wenye bunduki fupi za baruti huko Marekani wanacheza mchezo huu huu. Risasi yao ya .300 Blackout inayochaguliwa kwa ajili ya sailensa ina uzito wa greni 220 hivi, gramu 14, na inasukumwa kwa kama mita 310 kwa sekunde tu. Uzito ndio unaofidia kasi iliyoachwa.

Kuna toleo moja la dalili hii linalochanganya watu: bunduki inapasua asubuhi, mchana inanyamaza, kesho yake asubuhi inapasua tena. Kama ni ya mtungi na shinikizo halibadiliki, risasi yako iko mpakani kabisa, kama mita 345. Joto limeusogeza mwendo wa sauti juu yake. Ongeza greni mbili tatu, utalala usingizi.

Kopo halina maandishi ya uzito? Mwanza na Geita hazina shida ya mizani. Mizani ya wanunuzi wa dhahabu inayosoma hadi gramu 0.01 inatosha. Pima risasi 10 kwa pamoja, gawa kwa 10, kisha gawa kwa 0.065 upate greni.

Kipima mwendo halisi ni kifaa kizuri ukikipata. Usipokipata, tumia simu. Weka sanduku la mbao lenye mchanga umbali wa mita 20, simu iwe karibu nawe ikirekodi, kisha fungua rekodi kwenye programu inayoonyesha mawimbi ya sauti. Pima muda kati ya kufyatua na kugonga. Toa sekunde 0.058, ambao ni muda wa sauti ya kugonga kurudi kwako. Ukipata jumla ya sekunde 0.135, risasi imesafiri kwa 0.077, sawa na wastani wa mita 260 kwa sekunde. Si kipimo cha maabara, ila kinatosha kukuambia uko upande gani wa mpaka.

DALILI: Mlio mkali, na moshi mdomoni mwa mtutu

Hii inafanana na ya kwanza masikioni lakini chanzo ni kingine, na mafundi wengi wanazichanganya. Nusa mtutu. Ukisikia harufu ya mafuta yaliyoungua, bunduki yako ya springi inafanya kazi ya injini ya dizeli: pistoni inabana hewa kwa ghafla, hewa inapata moto, mafuta yaliyomo ndani yanawaka. Mlipuko huo unaweza kuisukuma risasi kupita mwendo wa sauti hata kama ni nzito, na polepole unaitafuna sili ya pistoni, yaani kizibo chake cha kuzuia hewa isivuje.

Bunduki mpya inaweza kufanya hivyo kwa siku za mwanzo, mafuta ya kiwandani yakimalizika yenyewe. Ikiendelea, muulize mwenye bunduki alitia nini. Jibu utalijua kabla hajamaliza kusema: mafuta ya cherehani, ya alizeti, ya injini, hata dizeli yenyewe. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopaswa kuingia kwenye chumba cha kubania hewa. Kama mtengenezaji ameruhusu kulainisha sili, ni kwa mafuta ya silikoni ya kazi hiyo, tone moja, na si kila wiki. Kusafisha ni kupitisha kitambaa kikavu mtutuni na kupiga risasi nzito kiasi hadi moshi uishe. Moshi ukikataa kuisha, bunduki ifunguliwe na fundi mwenye kifaa cha kukandamiza springi. Springi iliyobanwa ikifunguliwa kwa bisibisi na ujasiri inaweza kukutoa jicho.

Usichague uzito wa risasi wakati bunduki bado inatoa moshi. Kipimo chochote utakachopata hapo ni cha uongo.

DALILI: Hakuna mpasuko wa hewani, bado bunduki ina kelele

Kama ni ya springi, kelele unayosikia ni ya chuma: pistoni inagonga mwisho wa silinda, springi inatetemeka. Sailensa mbele ya mtutu haina la kufanya hapo, na nyingi zinazouzwa zimebandikwa kwenye bunduki za springi ziwe pambo tu. Risasi nyepesi sana inaiongeza kelele hiyo, kwa sababu inatoka haraka bila kuiachia hewa mto wa kuipokea pistoni. Hata risasi iliyo nzito kupita uwezo wa springi inaleta taabu, pistoni inadunda na bunduki inaruka mkononi. Kaa katikati.

Kama ni ya mtungi, mambo ni tofauti kabisa. Hapa karibu kelele yote ni hewa inayotoka nyuma ya risasi, na sailensa nzuri inapunguza sana. Ikibaki kubwa, angalia urefu wa mtutu. Mtutu mfupi unaiachia risasi mapema, wakati shinikizo nyuma yake bado ni kubwa, na hewa hiyo yote inalipukia mdomoni. Kisha angalia springi ya nyundo inayofungua vali. Wengi wameikaza hadi mwisho wakitafuta nguvu. Ilegeze kidogo kidogo huku ukipima kasi. Itafika mahali kasi inaanza tu kushuka, simama hapo. Hewa iliyokuwa inatoka baada ya risasi kuondoka ilikuwa inafanya kazi moja, kupiga kelele. Utashangaa pia mtungi unavyodumu.

DALILI: Matundu yametawanyika kwenye karatasi

Kabla ya kulaumu risasi, kaza skrubu za kitako na za darubini. Bunduki ya springi inatikisa kwenda mbele na nyuma, na darubini isiyotengenezwa kwa mtikisiko huo inaweza kuvunjika ndani bila kuonyesha ufa. Pia iache bunduki ya springi ikae mkononi kwa ulaini. Anayeishika kwa nguvu kama anazuia isiibiwe hapati shabaha, kwa sababu mtikisiko unabadilika kila anapoishika.

Hayo yakiwa sawa, toa sailensa na upige kwa mita 10. Matundu yakikusanyika, risasi ilikuwa inagusa ndani ya sailensa. Pitisha pamba ya masikio kwenye tundu la kutokea, bunduki ikiwa haina risasi wala hewa. Ukiona alama ya kijivu ya upande mmoja umepata ushahidi. Sababu huwa ni nyuzi za skrubu zilizokatwa zikaenda upande, au sailensa iliyolegea, au sailensa ya .177 iliyofungwa kwenye mtutu wa .22 (usicheke, nimeiona). Matundu marefu badala ya ya duara yana maana risasi inafika ikiwa imelala. Nayo huletwa ama na kugusa huku, ama na kasi iliyo karibu mno na ile ya sauti.

Matundu yakibaki yametawanyika hata bila sailensa, rudi kwenye kopo. Mwaga risasi chache juu ya kioo uziviringishe. Makopo yanafika huku yakiwa yamesafiri barabara ndefu, na sketi za risasi laini zinajikunja. Yenye sketi iliyobonyea inapitisha hewa upande mmoja na kwenda inakotaka yenyewe. Itupe. Halafu angalia inavyoingia mtutuni: ikidondoka yenyewe bila kusukumwa, ni ndogo mno, ikihitaji kugongwa, ni kubwa mno. Watengenezaji wazuri wanauza kipimo kilekile kwa tofauti ya sehemu ndogo ya milimita, kama 4.50, 4.51 na 4.52, kwa sababu mitutu haifanani hata ikitoka kiwanda kimoja.

Ukibadilisha aina ya risasi usihukumu kwa risasi tano za kwanza. Mtutu bado una mabaki ya aina ya zamani. Nawa mikono ukimaliza, kabla ya kushika sangara wako. Madini ya risasi ni sumu, na watoto wasiyachezee.

DALILI: Shabaha nzuri asubuhi, mbaya alasiri

Karibu na ziwa asubuhi na mapema huwa shwari, mchana upepo unaanza kuingia. Risasi nyepesi inapeperushwa zaidi. Hilo halina tiba zaidi ya kusoma majani na kuchagua saa.

Lakini kama risasi zinapanda na kushuka badala ya kwenda kando, na bunduki ni ya CO2, tazama jua. Shinikizo la CO2 hufuata joto. Kwa nyuzi 20 ni kama bari 57, na linapanda kadiri kunavyopata joto. Bunduki iliyoachwa juani juu ya mwamba inaweza kuipeleka juu ya shabaha risasi iliyokuwa inatua sawasawa saa moja asubuhi. Iweke kivulini. Ukipiga haraka haraka linatokea kinyume chake, gesi inapoa na risasi zinaanza kutua chini.

DALILI: Bunduki ni kimya kabisa, ila risasi inadondoka kabla ya kufika

Hapa mtu amesikia ushauri wa risasi nzito akaufuata bila kuuliza nguvu ya bunduki yake. Bunduki nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza zina jouli 16 tu, kwa sababu ya mpaka wa sheria yao. Hiyo haivuki mwendo wa sauti kwa risasi yoyote ya kawaida, kwa hiyo haihitaji uzito wa ziada. Ukiibebesha .22 ya greni 21, itatoka kwa kama mita 155 kwa sekunde, na kwa mita 40 itakuwa imeshuka takribani sentimita 35 kutoka mstari wa mtutu. .177 ya greni 8.4 kwa nguvu hiyo hiyo inashuka kama sentimita 15. Zote mbili hazipasui hewa. Chukua nyepesi.

DALILI: Risasi inarudi

Mwanza, jiji la miamba, halisamehe. Itale haiimezi risasi, inairudisha, na huwezi kutabiri upande. Risasi ya gololi ya chuma ndiyo mbaya zaidi. Maji ya ziwa nayo yanairusha risasi inayokuja kwa pembe ndogo, na mbele yako kuna mitumbwi. Weka sanduku la mchanga au mbao nene zenye matambara nyuma yake, vaa miwani, na usipige kuelekea mwamba hata kama ni wako mwenyewe uani.

DALILI: Mtungi haujai, au umejaa lakini nguvu hakuna

Kompresa ya gereji ya matairi inaishia kama bari 8 au 10. Bunduki ya mtungi inataka 200, nyingine 300. Pampu ya mkono ya kazi hiyo inafika, kwa jasho, ila inaingiza unyevu, na hewa ya kando ya ziwa ina unyevu wa kutosha. Pampu kwa awamu fupi, iache ipoe, toa maji kwenye kichujio chake. Kutu ndani ya mtungi huioni mpaka siku inapojionyesha yenyewe.

Fundi wa kuchomelea atakuambia ana mtungi wa oksijeni wenye shinikizo zuri na adapta anayo. Mkatalie hapo hapo. Oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na tone la grisi au oringi yenye mafuta inawaka na kulipuka, na bunduki unakuwa umeiegemeza shavuni. Bunduki iliyokwisha kujazwa oksijeni kwa makosa isifyatuliwe wala isifunguliwe kwa nguvu. Iache mahali wazi mbali na moto na watu, umwite mtu anayejua vali hizo aitoe gesi taratibu. Kinachojaza bunduki ya mtungi ni hewa kavu, safi, kwa shinikizo lililogongwa kwenye mtungi wenyewe, na geji ikionyesha zaidi ya hapo vali huwa inashindwa kufunguka vizuri: ndiyo maana bunduki iliyojazwa kupita kiasi inapiga dhaifu kwa risasi za kwanza, kisha inapata nguvu kadiri mtungi unavyopungua.